Sili ya Kushoto

Jumapili, darajani, Mto Yí umefura hadi kwenye nguzo,
baba alikanyaga breki na Ford ikavuta kulia
kama mbwa aliyenusa mfupa ng'ambo ya barabara.
Jibini kumi na moja ziliporomoka kiti cha nyuma.
Akacheka: "Imeniamkia tu, Zulma."
Mimi sikucheka. Nililiona gurudumu la kushoto
limelowa, weusi wake unang'aa
kama limetoka kuogeshwa.

Alhamisi nikaipiga jeki bandani.
Agosti ya Sarandí haina huruma kwa mikono;
spana ilikuwa baridi mpaka ikaonekana ina kinyongo.
Kotapini imekatikia tunduni. Nikaisukuma kwa msumari,
tusi moja,
msumari wa pili.
Nati nikailegeza, sikuiondoa.
Hilo alinifundisha yeye, nina miaka tisa:
iachie nati nyuzi tatu,
maana dramu ikikubali kutoka haipigi hodi.
Nikakaza pula. Nikagonga. Nikangoja.
Nikanywa mate mpaka majani yakaisha ladha.
Ndipo, paa! Kuku wote wakakimbilia uani
na dramu ikanifia mikononi, nzito, ya moto kidogo.

Ndani: shuu za breki zimelewa chakari.
Sili yenyewe, kipete cha bati na ngozi,
mdomo umekakamaa kama ukoko wa sufuria.
Nikapitisha ukucha juu ya ekseli:
kuna mfereji mwembamba hapo, umechimbwa
na kitu kilicho laini kuliko chuma,
kwa kukaa tu mahali pamoja,
tangu babu alipoilipia kwa kondoo.

Sili mpya niliinunua Durazno, kwa Wáshington Olivera,
anayefunga vipuri kwa magazeti ya mwaka juzi.
Mdomo uangalie ndani, kwenye mafuta.
Mara ya kwanza niliuweka ukiangalia nje.
Sitasema zaidi kuhusu mara ya kwanza.
Ya pili nikaigonga kwa kipande cha mkalitusi,
huku kidogo, kule kidogo, nikizunguka,
kama mtu anayeamsha mtoto asiye wake.

Nilikuwa nimeshanawa.
Nikarudi tu kufungua kizibo cha difu, kile cha kupimia.
Mafuta hutakiwa yasimame pale kizingitini, yachungulie.
Haya yaliruka.
Yakajaza karai, yakajaza kopo la rangi,
yakanijaza kiatu.
Nilipoinua macho baba yuko mlangoni,
kwapani ameshika kibuyu cha mafuta chenye mdomo mrefu.

"Huwa naiongezea kidogo Jumamosi," akasema.
"Mzee huyu ana kiu."
"Jumamosi tu?"
Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika cha nne, akaanza upya.
"Asubuhi," akasema. Kisha, polepole, akiliangalia karai:
"Nadhani asubuhi."

Haba na haba hujaza kibaba.
Hawakutuambia kibaba kikishajaa
yanayozidi yanatafuta mlango gani.
Nusu ya kosa haikuwa ya sili.
Nilimwaga, nikapima, nikafunga kizibo
kwa spana ambayo sasa nailaza chini ya godoro langu.

Lakini kibuyu sikumnyang'anya.
Mkono uliozoea kumimina
ukiuzuia utatafuta pengine, na jiko letu ni la gesi.
Kila asubuhi namwonyesha bawaba za lango, zile tatu,
naye anaziinamia kwa miwani puani,
tone, tone, anapangusa, tone,
ananiambia zilikuwa kavu kabisa.

Ford inasimama ikinyooka.
Na lango letu siku hizi, likifunguliwa na mgeni,
halisemi kitu.
Inabidi tumsikilize mbwa.